Bendera na Jeneza la Bi Time

Asubuhi moja ya zama zile za siasa, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka uso hunishuka. Nilikuwa kijana hapa hapa Mgogoni, damu inachemka, na chama chetu kilikuwa kimesimamisha mlingoti wa bendera mbele ya barza. Usinicheke, lakini wakati ule watu walinyimana hata salamu kwa ajili ya vyama. Mtu alikuwa radhi ale chakula chapwa kuliko kununua chumvi kwa asiye mwenzake.

Jirani yetu Faki hakuwa wa chama chetu. Ijumaa ilipopandishwa bendera kwa mara ya kwanza sote tulisimama, yeye akabaki kitako anasuka dema lake la kuvulia samaki. "Sisimamii n'sichokiamini," akasema, basi. Hakumtukana mtu. Lakini sisi vijana tuliona katuvua nguo, tukaapa kumtenga.

Wiki haijesha, mama yake, Bi Time, akafariki. Baba yangu ndiye aliyekuwa akitunza msikiti, na siku hiyo alikwenda Wete, kwa hiyo ufunguo wa kibanda cha jeneza ninao mimi. Faki akaja kuliomba. Nami nikamwambia mbele ya wenzangu: "Nenda kasimame chini ya bendera kwanza, uipe heshima yake. Jeneza utalipata baadaye."

Akanitazama. "Yakhe, mama kalala ndani. Jua lapanda."

Nikautia ufunguo mfukoni. Hata wenzangu waliokuwa wakicheka wakatazama pembeni. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, nami niliiona inapasuka, ila nilidhani siwezi tena kurudi nyuma. Faki akageuka, akaanza kwenda kwenye mlingoti, machozi yanamtoka.

"Rudi, Faki! Usisimame!"

Alikuwa Mzee Shaame, aliyepigana Burma katika jeshi la Mngereza akarudi na mguu mmoja mbovu. Alikuwa wa chama chetu, na bendera ile akiipandisha kwa mkono wake na kuipigia saluti kila asubuhi. Akaja akasimama baina ya Faki na mlingoti.

"Mie naipenda bendera hii kuliko weye," akaniambia. "Nasimama kwa kuwa naipenda. Kule vitani tukisimamishwa kwa amri, bendera ya wenyewe, na rohoni hatumo. Ndo uhuru unaoutaka huo? Umfanyie Faki alivyotufanyia Mngereza? Lete ufunguo."

Nikautoa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jeneza lilipotoka nilifuata nyuma kabisa, peke yangu. Njiani watu wakipokezana, nikajikaza nikasogea mbele. Nilijua Faki anaweza kunisukuma, na ningestahili. Akanipisha.

"Shika," akasema. "Jana mama alikuwa akikuulizia."

Mwanangu, lau angenipiga kofi ningeshukuru. Maneno yale hayajaacha kunichoma.

Basi nisikilize. Ipende bendera yako, iwe ya chama au ya nchi, uisimamie, uilie ukitaka, hakuna ubaya. Lakini asiyesimama muache akae. Muulize sababu yake, bishaneni mpaka makoo yawakauke, na akifiwa uwe wa kwanza kufika mlangoni kwake. Kupenda hakulazimishwi, heshima ya kutishwa ni woga tu, na siku woga ukiondoka hubaki chuki. Na jichunge zaidi siku utakayokuwa na kitu anachokihitaji mwenzio, maana siku hiyo ndiyo mtu hujijua ni nani. Mimi nilijijua, na sikupendezwa.

Mola akupe nchi ya kuipenda na jirani wa kubishana naye. Akulainishie moyo ungali na nguvu, na siku yako ikifika, waje kukuzika hata wale ambao hamkuwahi kukubaliana.