Kadi Niliyomwachia Mama

Mama yangu alifariki mwanzoni mwa mwezi wa tatu, kabla mvua hazijashika. Kwa mujibu wa simu yangu, aliendelea kutoa hela kwa wakala wa benki pale Kikatiti kila Jumatano hadi mwezi wa sita. Mimi nilikuwa mbali, kwenye nchi ya baridi, nikifua mashuka ya hospitali. Kila ujumbe wa benki ulipoingia nilimkasirikia. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: kwa wiki kumi na tatu nilimnunia mtu aliyekwisha kuzikwa.

Wiki yangu ya mwisho Arusha niliimaliza nikizunguka na bahasha ya karatasi kwapani. Nilirudisha chumba changu cha Lemara, nikauza kitanda na jiko la gesi, nikaaga kwenye duka la vipuri nilikokuwa natunza stoo. Mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye familia yake inauza vipuri mjini tangu enzi za babu yake, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo aliniita ofisini.

"Kila kitu uza," alisema. "Akaunti ya nyumbani usifunge. Mdogo wangu alifunga yake, sasa akija likizo hata umeme analipiwa na watu."

Nikamsikiliza. Kesho yake nilikwenda benki, na dada wa dirishani akanieleza masharti. Laini ya simu iliyoandikishwa na akaunti isife, kwa sababu ujumbe wote utapita humo. Nikifika huko niiweke kwenye simu yoyote, hata kitochi cha vibonyezo, na niikumbuke kwa vocha mara moja moja. Na akaunti yenyewe lazima iguswe.

"Isipoguswa muda mrefu inalala," alisema. "Ikilala, kuiamsha ni mpaka uje mwenyewe na kitambulisho."

Nikamuuliza kama naweza kumwachia mzazi kadi. Akanijibu kwamba kadi ni ya mwenye akaunti peke yake, kisha akainamia karatasi zake kama mtu ambaye naye anayo kadi ya shangazi yake kwenye pochi. Kwetu huku miteremkoni mwa Meru sijui nyumba yenye mtoto nje isiyokuwa na kadi ya mtoto huyo. Inahifadhiwa pamoja na vyeti vya ubatizo.

Mama aliitia kadi yangu kwenye mkoba wake wa kanisani. Kazi ilikuwa namba ya siri. Nilimpa mwaka niliozaliwa, akausahau kabla chai haijapoa. Nikajaribu mwaka wao wa ndoa, akaniambia huo ndio hataki kabisa kuukumbuka, na baba akacheka mpaka akakohoa. Mwishowe tukatumia namba ya wimbo anaoupenda kwenye kitabu cha nyimbo, tukaweka sifuri mbele ili zitimie tarakimu nne. Hiyo hakuisahau. Wakala aliwahi kuniambia kwamba mama akifika pale huanza kuimba chini chini kabla ya kubonyeza, na kwamba mtaa mzima ungeweza kuniibia kama ungekuwa wa Walutheri tu.

Basi nikaondoka. Huko nilikokwenda nilikuwa na simu mbili, ya kisasa kwa ajili ya maisha mapya na kitochi kwa ajili ya benki. Kitochi kilikaa kwenye mfuko wa aproni. Niliweka hela kwenye akaunti kila mwisho wa mwezi, na kila Jumatano, kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kilitetemeka tumboni pangu nikiwa nakunja mashuka. Umetoa kiasi fulani, kwa wakala, Kikatiti, salio lako ni hili. Mama alikuwa ameshusha ndizi zake barabarani, ameuza, kisha amepita kwa wakala.

Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo cha kuchekesha. Hela ya sukari na mafuta ya taa, basi. Na kila akitoa, benki nayo inakata ya kwake. Mimi niliyetunza stoo miaka sita siwezi kuona kitu kinavuja nikanyamaza. Mwisho wa mwezi wa pili nilimpigia, nikamwambia atoe mara moja kwa mwezi, hela ya kutosha, aache kuwalisha benki.

"Nikitoa mara moja kwa mwezi," akasema, "hizo wiki nyingine utajuaje kama nimeamka?"

"Si nitakupigia, mama?"

"Ulipiga lini mara ya mwisho?"

Zilikuwa zimepita siku kumi na tisa. Badala ya kusema samahani nikapandisha sauti. Nikamwambia anachezea jasho langu, neno ambalo mtoto wa kwetu hamwambii mama yake hata akiwa na homa. Akasema, "Sawa, mwenye hela," akakata simu.

Mama alikuwa na namna yake ya kununa, na nyumba nzima iliiheshimu. Mara moja alimnunia ndugu wa baba tangu mavuno ya kahawa hadi mavuno mengine, akimpikia na kumwandalia chakula bila kumpa neno. Kwa hiyo nilipopiga siku chache baadaye na dada yangu akapokea simu ya mama, sikushtuka. Dada yangu mkubwa alikuwa amehama Daraja Mbili mjini na kurudi nyumbani kuwasaidia wazee. Aliniambia mama yuko shambani. Wiki iliyofuata akaniambia yuko kwenye umoja wa wanawake kanisani. Halafu koo linamsumbua, halafu amepanda juu mlimani kumwona mgonjwa, simu ameiacha kwa sababu huko mtandao hakuna. Siku nyingi simu iliita tu bila kupokelewa. Sauti ya dada ilikuwa nzito, nami nikaisoma kama sauti ya mtu aliyewekwa katikati ya ugomvi wa wengine.

Na Jumatano kitochi kilitetemeka. Kiasi kile kile, saa ile ile.

Sasa hivi ni rahisi kusema ningejua. Watu wameniuliza, wengine kwa upole, ilikuwaje miezi mitatu usisikie sauti ya mama yako na usishtuke. Nilishtuka. Zipo asubuhi niliamka na roho mkononi, nikavaa na kwenda kazini kama mtu anayekwenda kupokea hukumu. Halafu saa yetu ya ujumbe inafika, kitochi kinatetemeka, na mwili wote unalegea. Amefika kwa wakala. Ametembea mwenyewe mpaka barabarani, ameimba wimbo wake, amebonyeza. Mtu mwenye nguvu hizo si mgonjwa, ni mkaidi tu. Hapo hofu iligeuka hasira, na hasira niliipenda kuliko hofu. Nilitaka kuamini, na benki ikanisaidia.

Mara moja tu nilikaribia kuujua ukweli. Nilikuwa nazungumza na dada, nikachoka na visingizio vyake vya koo.

"Koo gani? Jana tu alikuwa Kikatiti kwa wakala."

Nilisikia kuku, nikasikia mtu akipasua kuni kwa mbali.

"Nani alikuwa kwa wakala?" akauliza.

"Mama. Ametoa hela jana. Anatoa kila Jumatano, ujumbe unanifikia."

Akasema kwa sauti ndogo, "Eeh. Alikwenda." Akakata bila kuaga. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba usiku ule alilala na taa ikiwaka, na kwamba asubuhi alikwenda kutazama kaburi kama udongo umeguswa. Mimi siku hiyo nilichowaza ni kwamba wamekaa, mama na dada, wananicheka.

Hapo ndipo nilipokosa adabu kabisa. Nilihesabu kwamba mama anahitaji ile kadi kuliko anavyonihitaji mimi. Kama anaweza kula hela yangu bila kunisalimia, basi ngoja aione njaa ya wiki moja. Kwenye simu ya kisasa nilikuwa na programu ya benki, na ndani yake kulikuwa na mahali pa kuifunga kadi kwa muda. Jumanne jioni, mwanzoni mwa mwezi wa sita, nikabonyeza. Nilijua kitakachofuata. Mashine itakataa, wakala atamwambia ampigie mwenye kadi, na mama, apende asipende, itabidi aseme neno. Nilishaandaa na la kumjibu. Nilipanga kumwomba msamaha, ila baada ya yeye kuanza. Sikuwa na haja na hela. Nilitaka kuisikia sauti yake ikiniita mwanangu, yaishe.

Asubuhi nilikwenda kazini mwepesi. Nilikunja mashuka nikiwa nimekiweka kitochi juu ya meza, mbele ya macho. Saa nne ya kwetu ikafika, ujumbe haukuja. Ikapita robo saa. Halafu simu yangu ya kisasa ikaita, na kwenye kioo pameandikwa Mama.

Nilicheka, najionea aibu kuandika. Nilicheka kwa sauti mpaka mwenzangu wa upande wa mashine za kukausha akageuka. Nikapokea nikasema, "Ehee! Leo umenikumbuka! Shikamoo mama."

Nilisikia lori likipita, nikasikia mtu akiuliza bei ya vocha. Ilikuwa ni barabara ya Kikatiti, ningeitambua hata nikiwa nimelala.

"Mama?"

"Ni mimi," baba akasema.

Baba yangu hakupenda simu. Katika maisha yangu yote alikuwa hajawahi kunipigia. Alikuwa akipewa simu na mama, anasema Mungu akulinde, anairudisha. Na benki hakuwahi kukanyaga, hela yake ya kahawa aliipokea kwenye chama cha ushirika, mkononi. Sikuelewa anafanya nini kwa wakala.

"Shikamoo baba. Mpe mama simu."

"Mashine imekataa," akasema. "Nimebonyeza namba ya ule wimbo mara tatu. Huyu kijana anasema mwenye kadi umefunga."

"Nimefunga kwa sababu mama hataki kuongea na mimi. Mwambie nitafungua, aje tu kwenye simu. Mwambie nimekosa, baba. Nimekosa, yaishe."

Nikamsikia anasogea pembeni. Kelele za barabara zikapungua kidogo.

"Uko na nani hapo?" akauliza.

Kwetu hilo si swali la mazungumzo. Msiba hausemwi kwa mtu aliye peke yake. Anatafutwa kwanza wa kukaa naye, jirani, mchungaji, hata mpita njia, akae karibu kabisa, ndipo maneno yatoke. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la sita niliwahi kutumwa kukaa na mama mmoja wa jirani, nimshikilie maongezi mpaka wazee wafike, naye aliponiuliza nimefuata nini alikuwa ameshajua. Baadaye niliambiwa kwamba mwezi wa tatu ndugu walikaa kikao, wakamwita na mchungaji, na wote wakakubaliana nisiambiwe kwa simu. Vibali vyangu vilikuwa bado kwenye ofisi za uhamiaji za huko, nisingeweza kusafiri, na huko niliko hawakumjua hata mtu mmoja wa kumtuma akae karibu nami. Wangenisubiri nije. Kuhusu kadi, kikao hakikusema kitu, kwa sababu hakuna aliyeikumbuka.

Nilitazama mashine za kufulia, zote zinazunguka. Yule mwenzangu alikuwa amerudi kwenye kazi yake. Hata jina langu alikuwa halitamki sawasawa.

"Niko peke yangu, baba," nikasema.

"Basi kaa chini."

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye toroli la mashuka machafu. Yeye alikuwa anapumua kwenye simu, na nikajua kwamba naye amekaa, labda kwenye lile benchi la wakala. Tulikaa hivyo. Sikumuuliza lini, wala nini, wala amelazwa wapi. Yote nilikuwa nayo tayari, niliyasukuma tu mbali kila Jumatano.

"Hela yako yote ipo," baba akaanza, haraka haraka, kama mtu aliyeitwa na polisi. "Iko kwenye mkoba wake wa kanisani. Sijala hata mia. Hata dada yako hajui."

"Baba, sikuulizi hela. Nimekuwa nampigia mama. Nimepiga na kupiga."

"Najua," akasema. "Kila siku naisikia ikiita mle ndani. Ndiyo maana nikawa nakuja huku, upate ujumbe wake wa Jumatano."