Skripti Zilisema Sawa

Programu niliiandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi hata wateja wanasema "ile programu ya dada", na kila nikiwasikia roho inaniuma.

Ni programu ndogo, haina picha wala vitufe. Unafungua dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri, unaipa maandishi machafu, nayo inakurudishia masafi. Duka letu la chapa hapa Ujiji linaishi kwa kadi za harusi, nyimbo za kwaya, kasida na matangazo ya misiba, na karibu yote huletwa kwa simu: herufi kubwa kila mahali, mistari imekatika katikati, nafasi zimeachwa ovyo. Zamani nilisafisha kwa mkono. Nilipochoka nikaandika programu, na tangu hapo Mama mwenye duka akawa ananionyesha kwa wageni: "Huyu ndiye fundi wangu."

Kisha akaja dada, si ndugu yangu, mfanyakazi mwenzangu mpya. Wazazi wake walitoka Burundi wakatulia Ilagala, yeye akaenda kusomea kompyuta akarudi. Anacheka mpaka muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara anageuka. Mwanzoni programu yangu hakuigusa kabisa. Alikaa pembeni akaandika skripti, yaani amri zilizopangwa ndani ya faili ili kompyuta izitekeleze zenyewe moja baada ya nyingine. Kila kazi iliyowahi kutoka vizuri aliihifadhi kama ilivyoingia na kama ilivyotoka. Nikibadili kitu kwenye programu, skripti zinailisha kazi zote zile upya na kulinganisha. Ikitoka kama zamani zinaandika "sawa". Ikitofautiana hata nukta moja, zinaandika "imevunjika". Alisema anayeshona tobo moja la wavu anaweza kuvuta uzi akafungua tobo lingine bila kujua. Wazo zuri. Ningelipenda zaidi kama lingekuwa langu.

Mama alilipenda kupita kiasi. Akatoa amri kwamba hakuna badiliko langu litakaloingia kazini mpaka skripti za dada ziseme sawa. Mtoto nimzae mimi, halafu akitaka kutoka nje nikabishe hodi kwa jirani kuomba ruhusa! Niliitikia "ndiyo, Mama" na meno nimeyakaza.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mama alikuwa anafungua duka la pili kule mtaa wa Mwanga, na mmoja wetu angekwenda kulisimamia. Nililitaka duka lile mpaka nikawa naliota, rangi ya milango nimeshaichagua. Mama akasema atachagua mbalamwezi ikiisha.

Huku kwetu kila kitu hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo kukiwa na giza wanaume wako ziwani, na mwezi ukiwaka mitumbwi inapumzika. Wavuvi wakiwa nyumbani ndipo harusi hufungwa, na kadi hutumiminikia. Kwa hiyo giza ndio wakati wetu wa kutengeneza programu. Mbalamwezi ikifika hakuna kugusa tena.

Giza lile niliamua kuwaonyesha fundi ni nani. Mtandao wa ufukweni unakatika-katika, mteja anadhani ujumbe haukwenda, anatuma tena, na mstari uleule unatokea mara mbili. Nikaifundisha programu kufuta mstari wowote uliojirudia. Nikaendesha skripti nikijiona. Zikaandika: kwaya, imevunjika. Programu yangu ilikuwa imekula viitikio vyote vya wimbo wa kanisani, maana kiitikio ni mstari unaojirudia.

"Kaka, umewanyang'anya kwaya mdomo!" dada akacheka. Mama naye akacheka. Mimi nikacheka pia, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Nikarekebisha: mistari ifutwe kwenye kadi tu, nyimbo ziachwe. Skripti zikasema sawa, zote, mpaka ya mwisho. Badiliko likaingia kazini na mwezi ukapanda.

Kadi ya familia moja ya hapa Ujiji ndiyo iliyonipa nilichokuwa nakitafuta. Sampuli ilitoka kwenye mashine asubuhi nikaisoma. Bwana arusi alikuwa mjukuu wa marehemu mzee fulani, jina linalojulikana mtaa mzima. Bi arusi hakuwa mjukuu wa mtu. Nikaelewa papo hapo. Maharusi walikuwa watoto wa ndugu wawili, babu yao mmoja, kwa hiyo mstari wa babu ulikuwa umeandikwa mara mbili, na programu ikaufuta wa pili. Mimi nimezaliwa humu, harusi za binamu nimekula pilau zake tangu utotoni, na sikukumbuka. Lakini skripti nazo hazikuona! Hilo ndilo nililolishika. Nikaikunja sampuli nikaitia mfuko wa shati, nikaendelea na kazi huku napiga mluzi.

Shangazi wa bi arusi alifika baada ya adhuhuri. Nilisubiri Mama akae, dada naye asogee, ndipo nikaitoa karatasi na kumkabidhi mgeni.

Aliisoma, akairudia. "Mbona bwana arusi ana babu? Babu wa binti yuko wapi?" Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani huyu tumemwokota ufukweni Kibirizi?"

"Mama," nikasema, "skripti za dada zilisema sawa. Zote."

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno lile. Nilitegemea dada abishe, au aseme programu ni yangu, tugombane. Hakubisha.

"Ego, ndiyo, ni kweli," akasema. "Kwetu watoto wa ndugu hawaoani, sikuwaza kabisa. Utusamehe, shangazi, haijachapwa bado, ni sampuli tu." Akavuta kiti, akaichukua kadi kama ilivyoletwa, na pale pale mbele ya mgeni akaiongeza kwenye skripti zake, akaiita "babu". Akaendesha. Babu, imevunjika.

"Sasa ameonekana," akasema. "Kaka, tengeneza."

Nikatengeneza. Ningefanya nini? Shangazi akanywa soda, akasubiri, akaondoka na babu zake wawili. Mama akangoja mgeni avuke barabara.

"Karatasi ilikuwa mfukoni mwako tangu asubuhi," akaniambia. "Ina mikunjo."

"Nilikuwa namsubiri mwenyewe aje."

"Programu si unasema ni yako? Basi nyumba yako inaungua, na wewe umekaa kivulini unasubiri tuje tuone mlinzi amelala."

Dada alikwenda Mwanga. Milango ameipaka kijani, si rangi yangu. Nasikia wateja wanamsifu, na sitadanganya, nikisikia kuna siku mashine yake imegoma nalala vizuri. Wanasema mwenye wivu ajinyonge, lakini mimi bado nipo.

Skripti aliziacha hapa, na mimi ndiye ninayeziendesha sasa. Juzi, giza limeingia, nilitengeneza kitu kizuri sana, programu inapanga kadi yenyewe kwa safu mbili, upande wa bwana arusi na upande wa bi arusi. Nikaendesha. Kwaya, sawa. Msiba, sawa. Babu, imevunjika.

Programu ilikuwa imemweka babu upande wa bwana arusi peke yake. Nilikaa nikaitazama. Dukani hapakuwa na mtu. Faili ile ya babu ningeweza kuifuta kwa amri moja, na hakuna ambaye angejua, si Mama wala dada. Nilishaanza hata kuiandika.

Nikaifuta amri, si faili. Skripti ni za dada, lakini babu yule nilimleta mimi, mfukoni mwangu. Kila giza ananiuliza babu wa binti yuko wapi, na mashine haiwashwi mpaka nimjibu.