Uzi Wangu Uliobaki Ziwani

Hata leo sioni aibu kwa kukasirika. Ninachoonea aibu ni kukasirikia dukani mbele za watu.

Mimi ni fundi cherehani, ila Jumapili huvua samaki ufukweni Kajaga. Nilitaka ile mashine ya uzi inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, inayorusha ndoano mbali kabisa. Nilipita maduka matatu, nikizungusha mipini na kutega sikio kama inakwaruza. Mzee Hamisi, muuza vifaa vya uvuvi, akanipa moja isiyotoa hata sauti.

"Lete nikuwekee uzi," akasema.

"Apana, Mzee. Mi na uzi tumezeeka pamoja."

Kajaga nikarusha. Ndoano ikaenda mbali kuliko za wote pale ufukweni. Uzi ukatoka, ukatoka, ukaisha, ukazama nayo ziwani.

Jumatatu nikaibwaga mashine mezani kwa Mzee Hamisi, duka limejaa. Nikawaambia wateja wakimbie, huyu anauza takataka.

Akanipa uzi mwingine. "Onyesha vile ulifanya."

Nikauzungusha kwa hasira, haraka na safi, kama ninavyojaza bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kila siku. Akashika ncha, akavuta mpaka mashine ikabaki tupu.

"Huku ndani uzi uliufunga wapi?"

Kwenye bobini ya cherehani uzi haufungwi. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mama mmoja aliyevaa gauni nililomshonea wiki iliyopita alikuwa ameshainua mkono, anakagua mishono ya kwapani.