Chumba Kisichotaka Sementi

Mchana ule mtungi wa maji wa mama yangu ulipoinama bila kuguswa na mtu, mimi niko mlangoni namenya muhogo, ndipo nilipojua kwamba sijui kuchagua mpangaji. Nakusimulia, mwanangu, kwa kuwa nasikia umemaliza vyumba vyako vya kupangisha na watu wameanza kubisha hodi.

Ilikuwa miaka ya sabini, Katoro bado ni maduka machache na vumbi. Baba alikuwa ametuachia mimi na mama nyumba ya matofali mabichi. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa nyumbani. Kuku wetu walikuwa wameiona dunia kunizidi. Lakini nilikuwa na kidato cha nne, basi nikajiona naweza kumsoma mtu kama gazeti.

Akaja Masele kutafuta chumba. Viatu vinang'aa, Kiswahili kimenyooka, pombe hanywi, kodi anatanguliza. Nikamwambia asubiri kwanza nitie sementi sakafu ya chumba cha nyuma.

"Usijisumbue, kaka. Mimi udongo nimeuzoea."

Nikafurahi kama mjinga. Hilo "kama" unaweza kuliondoa.

Mama alitaka amsalimie kwanza. Unaijua salamu ya wazee wa Kisukuma: haiishi mpaka mgeni aseme ni wa nani, alikaa kwa nani na kwa nini kaondoka. Nikamkatiza. "Mama, hayo ya kijijini. Huyu mstaarabu."

"Haya, msomi. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini methali haikukataza kuuliza."

Masele hakuwa na kelele wala wageni. Kila siku alifagia chumba na kumwaga udongo nyuma ya nyumba. Pakaota kilima. Nikadhani ni mchwa, nikapanda maboga juu yake. Yalizaa, sikudanganyi.

Kisha mama akashikwa na homa, akawa analala mchana.

"Panagonga chini ya kitanda changu."

"Panya, mama."

"Panya gani anapumzika kula ugali, halafu anaanza tena?"

Nikacheka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa naushangilia ukimya.

Basi, mtungi ukainama. Ufa ukapanda ukutani taratibu, kutoka sakafuni kuelekea kwenye bati, kama mtu anauchora. Mama yuko kitandani, na mguu mmoja wa kitanda umeshazama. Nikapiga hatua, sakafu ikaitika kama ngoma.

"Usikimbie," mama akaninong'oneza. "Kanyaga kama unaiba."

Nikatambaa, nikambeba na blanketi lake. Tulipofika uani tu, ukuta ukaangukia ndani, ukaenda chini na kitanda chote.

Ndipo tukasikia mtu anaita kutoka ardhini. "Kaka! Kaka, nakufa!"

Ningekudanganya nikisema sikufikiria kumwacha. Mama, meno yakimgongana kwa homa, akasema, "Mtoe. Sijamsalimia."

Majirani wakaja na kamba za ng'ombe. Tulivuta, na kila tulipovuta udongo ulimeguka zaidi. Alipotoka hatukujua mdomo uko wapi mpaka alipokohoa. Alikuwa akifuata mwamba wa dhahabu, kutoka uvunguni kwake hadi uvunguni kwa mama.

Mama akamsogezea kata ya maji, akaianza ile salamu yake ya Kisukuma. "Mwadila, baba."

"Mwadila, mama."

"Ulikuwa unakaa kwa nani?"

Akainamisha kichwa. "Kwa mama mmoja mjane, ng'ambo ya Geita."

"Ukaondoka kwa nini?"

"Nyumba yake iliinama."

Mama akaichukua kata, akamjazia tena.

Utasema, angeulizwa siku ya kwanza angedanganya. Huenda. Ndiyo maana mama angenituma kwa huyo mjane kwa miguu, mimi mvivu wa kutembea.

Basi, mwanangu, usimpime mpangaji kwa viatu. Uliza alikokaa, kisha nenda mwenyewe ukamwamkie aliyempangisha. Mfikishe kwa balozi wa nyumba kumi, majirani wamwone. Na akikataa kitu ambacho kila mtu angekitaka, usiharakishe kushukuru. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta; mimi nilijenga nyumba nzima, mama kakaa pembeni ananiita msomi.

Mungu akuletee wapangaji wenye kwao. Kuta zako zisimame, na mtungi wa mama yako usiiname kamwe.