Mnyongaji na Nywele za Mwalimu

Mwalimu wa Kiingereza alinibandika jina, na kwa muda mrefu nilitafuta namna ya kumlipizia.

Nilikuja Tabora mjini kutoka Goweko nilipomaliza darasa la saba, nikajifunza kunyoa kwenye kibanda karibu na stesheni. Wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda, nao huchomeka Kiingereza katika kila sentensi. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa tu. Ndiyo maana nilijiunga na masomo ya jioni, katika chumba nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kwa mwalimu mmoja Mzaramo aliyependa nywele zake kuliko chaki. Alizichana kwenda nyuma, zikang'aa mafuta.

Jioni moja alitaka kila mtu aseme alikuwa akifanya nini wiki iliyopita. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani Goweko kusaidia kazi ya tumbaku. Kule tunafunga majani kwenye fito na kuyatundika ndani ya bani, chumba cha kukaushia, mpaka joto la moto liyageuze rangi. Sentensi yangu niliirudia njia nzima. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema: "I hanged tobacco."

Mwalimu akaweka chaki mezani.

"Uliinyonga?"

Nikaonyesha kwa mikono jinsi tunavyotundika.

"Tumbaku ni hung, kijana. Picha, hung. Shati, hung. Hanged ni mtu, tena wa kamba shingoni. Hebu tuambie, hiyo tumbaku ilishitakiwa mahakama gani?"

Darasa likaangua kicheko.

"Iliua mapafu ya babu yangu!" mmoja akadakia.

"Basi haki imetendeka," mwalimu akasema. "Kaa chini, Mnyongaji."

Kisha akaandika ubaoni vitenzi vingine vya namna hiyo. Lie: aliyejilaza ni lay, aliyedanganya ni lied. Shine: jua ni shone, viatu ni shined. Niliandika vyote. Niliwaza kwamba sisi tuna kutundika na tuna kunyonga, mbali mbali tangu mwanzo, na hakuna anayekuvizia katikati. Sikurudi tena darasani.

Jina lilinitangulia kazini. Mwanafunzi mwenzangu wa bodaboda alikuja kunyolewa, nikamfunga kitambaa shingoni, akapiga kelele: "Jamani, Mnyongaji ananimaliza!" Haikupita muda, akina mama wakawa wanawatishia watoto: "Nyamaza, au nikupeleke kwa Mnyongaji." Wazee wakaanza kunipita, wakaenda kibanda cha pili. Jina alilonipa bibi yangu likawa halina wa kuliita. Kila nilipopangusa mashine nilimfikiria mwalimu.

Halafu akafiwa na baba yake mdogo, aliyekuwa akiishi naye. Mama mmoja, Mnyamwezi mwenzangu, anayeuza vitumbua mbele ya kibanda akafunika karai lake.

"Twende, mwanangu. Marehemu ni mtani wetu."

Babu zetu, walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, walipita kwa Wazaramo, na utani wa njiani ukabaki. Mtani huja msibani kufanya vituko. Huvaa nguo za marehemu, huzuia jeneza, mpaka wafiwa wacheke, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Mimi, kwa haya zangu, nilikuwa nikienda nyuma ya nyumba kuosha masufuria. Safari hii nilibeba mkoba wenye kitambaa changu na mashine ya kunyolea, ile ya kuchaji.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye jamvi chini ya turubai, macho makavu. Mama wa vitumbua alikuwa ameshavaa kanzu ya marehemu, anakohoa kama yeye, watu wanacheka. Nilifika nyuma ya mwalimu, nikamfunga kitambaa shingoni.

"Mahakama imekaa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Paza, mtani!" wakaniambia.

"Mahakama imekaa! Huyu ameiba jina langu. Akilitaja, aachiwe."

Mwalimu akageuka. "Mnyongaji..."

"Hilo ni lako. Taja langu."

Akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akitafuta, nikaelewa kwamba muda wote ule wa masomo hakuwahi kuniuliza.

Nikawasha mashine, nikaipitisha kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni.

Turubai zima likalipuka kwa kicheko. Mwalimu akapapasa ile njia kichwani, akacheka, na katika kucheka machozi aliyokuwa ameyabana yakamwagika.

"Ahsante, mtani," akasema.

Nilikasirika. Sikuja kumliwaza. Nikakung'uta kitambaa changu, nikaondoka bila kusubiri chakula.

Kesho yake alikuja kibandani na kofia. Nikamwonyesha benchi. Nikanyoa waliomtangulia, nikanyoa na waliokuja nyuma yake. Vijana wa bodaboda wakajaa mlangoni.

"Mwalimu, vua kofia tuione barabara ya Igunga!"

"Lami imefika au bado vumbi?"

Hakuvua. Jua lilipopungua nikampigia kiti kofi, ishara kwamba aje. Kabla hajakaa aliniuliza jina langu, kwa sauti iliyofika barabarani. Nikamtajia. Akalirudia polepole, kama sisi tulivyokuwa tukirudia maneno yake.

Nikamzungushia kitambaa.

"Taratibu basi," akasema, akaniita kwa jina hilo.

Nikakikaza kidogo.