Mzee Aliyetafuta Sauti ya Mama Yake Ndani ya Waya

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikisubiri zamu yangu kwa kinyozi. Ujumbe wa simu kutoka Garsen ulisema: "Yule mzee wa nyaya ametutoka. Maziko Alhamisi, Hewani." Nilipokaa kwenye kiti kinyozi akaniuliza anyoe vipi, nami nikamjibu, "Alikuwa akipima mto." Kinyozi huyo ni mtu wa adabu. Alisema pole, kisha akaninyoa anavyojua yeye, na ndiyo sababu picha yangu katika safu hii haifanani nami kwa sasa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba niliwahi kufundisha Garsen. Marehemu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mpokomo wa kijiji cha Hewani, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kushuka kila asubuhi hadi ukingoni mwa Tana, kusoma kipimo cha kina cha maji na kukiandika daftarini. Mto ukifurika aliusoma, ukikaribia kukauka aliusoma vilevile, bila kuulaumu. Alipostaafu alikwenda Malindi akarudi na gramafoni kuukuu, amplifaya, spika mbili na santuri moja tu. Santuri hiyo ilikuwa ya wanawake wa Hewani wakiimba nyimbo za mavuno, waliorekodiwa na wageni waliopita na mashine yao zamani, yeye akiwa mtoto wa mgongoni. Mama yake alifariki kabla hajaanza shule na hakuacha hata picha. Ndugu zake walimwambia jambo moja tu: siku ile ya kurekodi, mama yako alikuwepo. Basi akawa anaketi mbele ya spika kila siku baada ya chakula cha mchana, akijaribu kumchambua mama mmoja kati ya sauti za wanawake ishirini.

Tatizo lilikuwa kelele. Katika wimbo wa tatu, spika ya kushoto ilitoa mlio mwembamba kama wa mbu aliyekasirika, kisha vishindo vidogo viwili vitatu, kisha kimya. Mzee aliamua kwamba kelele hiyo ndiyo inayomficha mama yake, na kwamba chanzo chake ni waya unaotoa sauti kwenye gramafoni kuipeleka kwenye amplifaya. Nilimuuliza mbona inalia mahali palepale kila mara. Akanitazama kama mwanafunzi mzito. "Mwalimu, ndiyo tabia ya waya mbaya. Waya huwa na mazoea."

Akampigia simu muuza vyombo vya muziki mmoja wa Mombasa, mtu ambaye sijamwona hadi leo ila sauti yake naijua vizuri, maana mzee alizungumza naye simu ikiwa imewekwa spika. Waya wa kwanza uliotumwa ulikuwa mnene kama mkia wa kenge, vichwa vyake vimepakwa dhahabu, na ubavuni umechorwa mshale wa kuionyesha sauti njia. Mzee aliufunga kinyumenyume kwa siku nne na muziki ukatoka kama kawaida. Alipogundua, alifadhaika, akapiga simu. "Ilikuwa inatoka, ndiyo," muuzaji akasema kwa upole, "lakini ilikuwa inatoka kwa taabu." Mzee akaugeuza waya, na nilimsikia kwa masikio yangu akiuomba radhi.

Ukafuata wa pili, wa nyuzi za fedha, ndani ya sanduku lenye kitambaa laini ambalo mkewe alilitamani kuliko waya wenyewe. Huu haukutakiwa kugusa sakafu. Mzee akauning'iniza darini kwa kamba za chandarua, ikabidi wageni wote waingie wameinama, hata mchungaji wa kanisa lao. Tena ulitakiwa kupigishwa muziki mwezi mzima bila kusikilizwa, ili uzoee. Kwa hiyo kila alasiri tuliketi nje, mzee, mimi, na rafiki yake mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akipita na ng'ombe wake, tukijitahidi kutosikia muziki uliokuwa ukipigwa ndani.

"Mimi nasikia nyimbo, nzuri," mfugaji akasema siku moja. "Wewe nataka nini tena?"

"Usisikilize," mzee akamkemea. "Bado haujaiva."

Mwezi ukaisha. Mbu wa kushoto alikuwa palepale. Ndipo muuzaji akataja waya wa tatu, ambao kwa maelezo yake ulikuwa karibu na muujiza, na mzee akapanda paa la jiko kwa ngazi ili ang'oe mabati akayauze. Mkewe alisimama chini ameshika sufuria. "Mume wangu, mvua ikinyesha nitapika ugali ndani ya waya?" Bati la kwanza lilishateremshwa.

Kilichookoa jiko ni macho ya mama mdogo wake. Ajuza huyo aliletwa kutoka Hewani kutazamwa macho hospitalini, akapumzika kwa mzee kungojea gari la kurudi. Panya walikuwa wameutafuna ule waya wa fedha usiku uliotangulia, kwa hiyo gramafoni ilifungwa ule waya mwembamba iliokuja nao, wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Mzee akampigia santuri, mimi na yule mfugaji tukiwapo, huku akimwomba msamaha kwa ubovu wa sauti. Mama mdogo akatikisa kichwa kwa nyimbo mbili. Katika ya tatu akainua mkono.

"Rudisha hapo."

"Samahani, mama. Hiyo ni kelele ya waya."

"Waya gani? Huyo ni wewe."

Mama mdogo akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo la juzi. "Ulikuwa na chango la tumbo. Mama yako hakuimba siku ile, maana kila akifungua mdomo unalia. Akakupeleka nyuma ya nyumba usituharibie, wewe ukaongeza. Sikia sasa. Huo ni mkono wake, anakupigapiga mgongo. Umenyamaza."

Tuliirudia sehemu ile nadhani mara kumi na tano. Vile vishindo mzee alivyodhani ni vumbi, alivyovifuta kwa pamba na maji ya sabuni miaka miwili mizima kabla hajaulaumu waya, vilikuwa kiganja cha mama yake. Alilia. Mfugaji naye alilia, akasingizia moshi, jiko likiwa halijawashwa. Kisha mzee akapangusa uso, akachukua simu, akamwambia muuzaji wa Mombasa kwamba sasa anataka waya wa kuongeza kelele ya kushoto. "Upo," muuzaji akasema, "lakini huo ni ghali zaidi."

Hakuununua. Alirudisha bati juu ya jiko, na tangu hapo akawa mshauri wa nyaya wa Garsen yote, kuanzia misikiti na makanisa hadi wenye video za mpira. Ushauri wake haukubadilika. Chukua waya mfupi unaotosha tu, wa shaba, wenye ganda zuri la kuzuia mvumo, na vichwa vinavyoshika bila kulegea. Usiulaze pamoja na waya wa umeme. Na kabla ya kununua wowote, futa vichwa vya ule ulio nao kwa kitambaa kikavu. Watu wengi waliishia kwenye kitambaa.

Mama mdogo alifariki mwaka uliofuata. Nalifikiria hilo kuliko jambo jingine lolote katika kisa hiki. Mzee alikuwa akipiga simu Mombasa kila juma, na Hewani, alikokuwa akiishi mtu pekee aliyebaki anayeikumbuka siku ile, hakuwa amepiga hata mara moja kuuliza. Sisi wengine hatuna tofauti naye. Tunanunua vitu vya kutusafishia yaliyopita, na wanaoyajua wameketi vibarazani mwao wakishangaa mbona hatuwaulizi. Mimi ninaye shangazi katika kijiji cha Idsowe, ambaye ndiye pekee aliyebaki anayejua kwa nini babu yangu alihama ghafla. Nimempigia jana. Amesema nije haraka na sukari, maana habari ni ndefu, na baadhi ya wahusika, akasema, anaanza kuwasahau.