Simba Wanaocheka wa Mama Geti

Saa moja na robo asubuhi. Mama Geti amepiga goti kwenye sakafu ya karakana, ngao ya uso ameishusha, na cheche zinairukia aproni yake yenye matundu kumi na manne. Ameyahesabu mwenyewe. Anachomelea mkia wa simba, na anaimba kwa sauti ambayo jirani yake muuza rangi ameshaizoea kwa kuwa hana la kufanya.

"Akinyamaza ndipo naingiwa na wasiwasi," anasema muuza rangi.

Miaka miwili iliyopita, mama huyu wa watoto watatu asingeimba. Wala asingechomelea hata mkia wa panya bila ruhusa.

Ni fundi wa mageti kwa mwaka wa kumi na saba sasa, na miaka yote hiyo ameimalizia katika karakana ya kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kazi baada ya kufiwa na mumewe. Utaratibu ulikuwa mmoja. Dada anapima, kaka anapima tena. Dada anauliza, "Kaka, nikate?" Kaka akishasema kata, ndipo grinda inawashwa. Kaka akiwa chooni, chuma kinasubiri. Akiwa msibani, karakana nzima inasubiri.

Na usidhani dada alikuwa anakosea. Katika miaka yote hiyo vipimo vyao vilipishana mara moja tu, na siku hiyo futi mbovu ilikuwa ya kaka.

Ugonjwa huo wa kuuliza ukamfuata mpaka nyumbani. Mapazia, kochi, rangi ya ukuta, vyote alimpigia kaka simu kwanza, na kaka katika maisha yake anapenda rangi moja tu, ya maziwa.

"Nyumba yangu yote ilikuwa ya maziwa," anasimulia. "Ukiingia na shati jeupe, tunaanza kukutafuta."

Kisha kaka akafanyiwa upasuaji wa jicho. Daktari akamkataza mwanga mkali kwa wiki sita, na kwa mara ya kwanza funguo za karakana zikaangukia mkononi mwa dada. Pamoja nazo ilikuja kazi moja: geti la mwalimu mkuu mstaafu, lenye simba wawili wakali wanaotazamana.

Picha ya simba hao ilikuwa kwenye simu ya kaka. Simu nayo ilikuwa kabatini, kwa kuwa mke wa kaka aliifungia huko mgonjwa asiichungulie, na ufunguo akawa anatembea nao. Mama Geti alikwenda kuomba mara mbili, akarudi mikono mitupu. Wifi yake, anasema, akishasema hapana huwa amemaliza maongezi ya wiki nzima.

Akapima vyuma mara saba. Akashika grinda, akaita kaka kwa mazoea, na hakuna aliyeitika. Alisimama hivyo tangu saa tatu mpaka jua likawa utosini. Mwisho akakata, na kipande kikaingia mahali pake sawasawa.

"Nilikaa chini," anasema. "Nikajiambia, kumbe."

Ila vipimo ni kitu kimoja, na simba ni kingine. Hajawahi kumwona simba kwa macho yake. Manyoya ya shingoni aliyapata vizuri kwa kukunja nondo nyembamba kwenye bomba. Ilipofika midomo, chuma kikiwa bado chekundu, alikipindisha kwenda juu badala ya chini ili meno yaonekane. Alipovua ngao na kurudi nyuma hatua tatu, simba wawili walikuwa wanachekeana kama majirani wanaomsema wa tatu.

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa glavu, akajipaka masizi uso mzima.

Kisha kicheko kikamkauka. Mwalimu akilikataa geti, vyuma vya thamani ya mshahara wake wa miezi mitatu vimekwenda na maji, na kaka hatamwachia funguo tena maishani. Kurekebisha midomo ilikuwa kazi ya mchana mmoja, na hakuna aliyekuwa ameiona.

"Tatizo nilikuwa nimewapenda," anasema, na hapa hacheki. "Sikumbuki mara ya mwisho nilipenda kitu bila kumuuliza mtu kama kinapendeza."

Akawaacha.

Mwalimu alikuja kesho yake na mwavuli wake. Inasemekana shuleni kwake hata nzi walipanga foleni. Alilizunguka geti mara mbili, akagusa bawaba, akasimama mbele ya simba. Muuza rangi alikuwa ameacha wateja wake ili asipitwe.

"Niliagiza simba wakali," alisema mwalimu. "Mbona hawa wanacheka?"

Samahani ilikuwa tayari mdomoni. Mama Geti anasema aliimeza kwa nguvu kama kidonge kikubwa.

"Wamekuona unarudi nyumbani, mwalimu."

Mwalimu aliwatazama tena simba. Kisha akafunga mwavuli.

"Miaka thelathini na tano, kila nilipoingia mahali watu waliacha kucheka," alisema. "Njooni mlifunge leo hii."

Tangu hapo wateja wanakuja na maombi ya ajabu: ng'ombe aliyelala, bata mwenye kofia, samaki mwenye miwani. Mteja mmoja alimkataa jogoo kwa kuwa anafanana na baba mkwe wake, na wiki iliyofuata mkewe akaja kumchukua kwa sababu hiyo hiyo.

Kaka aliporudi na miwani yake nyeusi alilipima geti lililofuata, nalo la simba wanaocheka, akalipima tena, akatamka kwamba wale ni paka. Akauliza nani aliruhusu kukata. Dada akajibu kuwa ni yeye. Leo kaka anapima kazi zake mwenyewe tu.

"Vipimo vyake vilikuwa sawa tangu zamani," anakiri akiikunja futi. "Yeye alikuwa anauliza, na mimi nilikuwa napenda kuulizwa."

Nyumbani kwa Mama Geti mapazia sasa ni ya rangi ya machungwa na kochi ni jekundu. Watoto wanalalamika kuwa macho yanawauma. Yeye anasema akifungua macho asubuhi anafurahi, na hiyo inamtosha.

Kimebaki kitu kimoja. Fundi huyu wa mageti hana geti; kwake panafungwa kwa bati na waya. Ameanza kujiwekea vyuma pembeni, na kabla mwaka haujaisha anataka liwe limesimama. Litakuwa na mnyama gani, bado hajajua, na hana haraka.

Mwandishi wa makala haya alimshauri aweke tausi. Mama Geti alikuwa ameshashusha ngao. Akainyanyua kidogo.

"Tausi ni mzuri," akasema kwa upole. "Lakini sikukuuliza, mwanangu."